Swichi Ikianguka, Usiinyamazishe
Somo la kutafuta kasoro katika laini ya soketi nyumbani



Zamani tukitembelea vikundi vyetu huku Mbooni, maswali yalikuwa ya maji, ya matuta shambani na ya mbuzi wa maziwa. Hayo bado yapo. Lakini sasa karibu kila mkutano kuna mtu anauliza juu ya stima. Haishangazi. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa Last Mile, na ada ya kuunganishiwa stima ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Familia nyingi ambazo zilikuwa zinaona nguzo zikipita tu juu ya shamba zikapata taa, na baada ya taa zikataka soketi: ya simu, ya redio, ya pasi, ya mashine ya kunyolea.

Hapo ndipo shida inaanzia. Kazi ya Kenya Power inaishia kwenye mita. Kutoka mita kuingia ndani, waya ni mali ya mwenye nyumba, na ikiharibika ni yeye atajua la kufanya. Wengi wakiona swichi ya kwenye bodi inaanguka kila mara, wanatafuta mtu wa kuizuia isianguke. Somo letu la leo linasema kinyume. Swichi inayoanguka inatuambia jambo. Kazi yetu ni kuisikiliza na kuifuata mpaka tufike mahali penyewe palipoharibika.

WAYA TATU NA SWICHI MBILI

Tuanze na mambo ya msingi. Nyuma ya soketi yetu ya matundu matatu kuna waya tatu. Ya kwanza ni waya ya moto, inayoleta stima ya volti 240. Katika nyumba za zamani ni nyekundu, katika nyumba mpya ni ya kahawia. Ya pili ni nyutro, inayorudisha stima. Zamani ilikuwa nyeusi, siku hizi ni ya samawati. Ya tatu ni waya ya ardhi, ya kijani au ya kijani na manjano, na hiyo inaenda mpaka kwenye fimbo iliyopigwa chini ya udongo. Siku njema waya ya ardhi haibebi kitu. Inangoja siku mbaya.

Kwenye bodi kuna swichi za aina mbili, na wengi wanadhani ni kitu kimoja. Swichi ndogo ndogo, ambazo mafundi huziita breka, zinalinda waya isiungue. Breka ya soketi mara nyingi ni ya ampia 20 au 32. Ya pili ni ile pana yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo inalinda watu. Inapima stima inayotoka kwenye waya ya moto na ile inayorudi kwenye nyutro. Hesabu ikipungua, maana yake kuna stima inayovuja, labda ukutani, labda kwenye mwili wa mtu. Basi inazima kila kitu mara moja. Nyingi zimetengenezwa kuanguka upungufu ukifika miliampia 30.

Tufanye hesabu kidogo. Ampia 20 ni miliampia 20,000. Stima ya miliampia 50 tu ikipita kifuani inaweza kusimamisha moyo wa mtu mzima. Kwa hiyo breka ya ampia 20 inaweza kutulia kabisa huku mtu anakufa. Haina kosa, kwa sababu haikuwekwa kwa kazi hiyo. Nyumba ambayo haina swichi ya T haijakamilika, hata kama taa zote zinawaka.

Na hapa Ukambani kuna jambo lingine. Udongo wetu ukikauka, fimbo ya ardhi haishiki vizuri. Tuseme ukinzani wake ni omu 50. Waya ya moto ikigusa chuma kilichofungwa ardhini, 240 gawanya kwa 50 ni ampia 4.8 tu. Breka ya 20 haitajua. Kile chuma kitabaki na stima mpaka mtu akishike.

KISA CHA MAYAI

Mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimeshika, tuliitwa na kikundi cha akina mama upande wa milimani. Walikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga nyumbani kwa mwenyekiti wao. Ndani kulikuwa na mayai 176, siku ya 16. Kama mnavyojua, yai la kuku huanguliwa siku ya 21, na mashine inatakiwa kukaa kwenye joto la kama nyuzi 37.5. Kwa usiku tatu mfululizo swichi ya T ilianguka alfajiri. Mama akiamka anakuta mashine imepoa.

Kijana mmoja wa kijijini alikuwa ameshatoa shauri: ipitishwe waya pembeni ya ile swichi ya T, stima isikatike tena. Dakika tano tu, na bei yake ni ya soda. Akina mama walikuwa wamegawanyika. Mweka hazina alisema wazi, "Pesa za mayai ni za watu ishirini. Mkikataa, mtawaambia nini?" Swali lake lilikuwa la haki. Hatukulidharau. Tuliomba muda wa saa mbili, tukamleta fundi mwenye leseni. Wakati huo akina mama waliifunika mashine kwa blanketi, wakaweka ndani chupa za maji moto, ili joto lisitoroke.

Sasa fuateni hatua, moja baada ya nyingine.

HATUA AMBAZO MWENYE NYUMBA ANAWEZA KUFANYA

Hatua hizi hazihitaji kufungua kitu chochote.

1. Uliza historia. Shida ilianza lini? Ni saa ngapi? Ni kitu gani kilichobadilika nyumbani? Pale tuliambiwa mambo mawili. Moja, swichi inaanguka baada ya usiku wa mvua, na jua likishapiga ukuta mchana inakubali kushika. Mbili, mwezi wa Agosti waliongeza soketi moja nje, chini ya mapaa ya jikoni, ya kuchajia simu za majirani. Dalili ya mvua ni mawingu. Kabla ya kugusa bisibisi tulikuwa tayari na mahali pa kushuku.

2. Chomoa kila kitu. Tunasema chomoa, si kuzima tu. Swichi ya soketi kwa kawaida inakata waya ya moto peke yake. Kama nyutro ya kifaa imegusa ardhi, kuzima hakutasaidia kitu. Chomoa pasi, redio, chaja, friji, na ekstensheni zote.

3. Washa swichi iliyoanguka. Ikishika, waya ya ukutani huenda ni nzima na ugonjwa uko kwenye kifaa. Chomeka kimoja kimoja, ukingoja kidogo kila mara. Kile kitakachoangusha swichi ndicho chenye kasoro. Kiweke kando na ukifunge karatasi yenye maandishi, ili mtoto asije akakichomeka tena. Pasi, hita na birika za stima ndizo mara nyingi zinapatikana na hatia, kwa kuwa zinapata joto na maji.

4. Ikianguka tena na hakuna kitu kilichochomekwa, ugonjwa uko kwenye laini yenyewe. Acha hapo. Usirudie kuiwasha mara kumi ukitumaini itachoka. Zima breka ya soketi peke yake. Kama swichi ya T inashika bila hiyo breka, utakuwa na taa usiku huo, na fundi atajua ni laini gani. Lakini huenda ikaanguka hata breka ikiwa imezimwa, kwa kuwa breka nyingi hazikati nyutro. Hapo zima swichi kuu, ungoje fundi.

Kwa akina mama wale, kila kitu kilichomolewa na swichi ikaanguka bado. Basi mashine ya vifaranga haikuwa na makosa. Hapo tuliacha, fundi akaanza.

HATUA ZA FUNDI

Tunazieleza hizi ili ujue fundi mzuri anavyofanya kazi na uweze kumuuliza maswali. Hatuzielezi ili uzifanye mwenyewe. Kwa sheria ya Kenya, kazi ya waya inafanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, yaani EPRA. Kumwomba akuonyeshe leseni si kumkosea heshima.

1. Anazima swichi kuu na kuhakikisha hakuna mtu atakayeiwasha. Halafu anathibitisha kwamba laini imekufa. Anapima kwanza mahali anapojua pana stima, kisha kwenye laini, kisha anarudi tena mahali pa kwanza, ili ajue kipimo hakikufa katikati ya kazi. Ile bisibisi yenye taa ndogo si ya kuaminiwa. Inaweza kuwaka pasipo hatari, na inaweza kukosa kuwaka penye hatari.

2. Anatoa waya za laini ya soketi kutoka kwenye bodi, na kupima kwa mita ya kupima ngozi ya waya, ambayo mafundi huiita mega. Hii inasukuma volti 500 na kuonyesha kama ngozi ya plastiki inazuia stima. Kati ya waya ya moto na ya ardhi inatakiwa isomeke angalau megaomu 1, yaani omu milioni moja, na waya mpya hupita 200. Pale ilisoma 0.005, yaani omu 5,000 tu. Gawanya 240 kwa 5,000, unapata miliampia 48. Ndiyo maana swichi ya T ilikuwa inaanguka na breka haikuwa na habari.

3. Anagawanya laini katikati. Hapa ndipo kuna busara ya kazi yote. Laini ile ilikuwa na soketi 8, zimefuatana kama watu kwenye foleni. Fundi asiye na mpango angefungua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka jioni. Huyu alianza na soketi ya 4. Alitenganisha waya zinazoingia na zinazotoka, akapima pande zote mbili. Upande wa bodi ulikuwa mzima. Upande wa jikoni ulikuwa mgonjwa. Kwa kufungua soketi moja alikuwa ameziondolea lawama soketi 4.

Na hapo mayai yakaokoka. Fundi alifunika vizuri ncha za waya zilizotenganishwa, akafunga soketi, akarudishia stima nusu ile nzima pamoja na swichi yake ya T. Mashine ilichomekwa kwenye soketi ya 2. Ilikuwa saa moja na nusu tangu aanze. Mweka hazina aliishika mashine kwa mkono mpaka akasikia joto, ndipo akaketi.

4. Anaendelea kugawanya. Baada ya kuzima tena kwa muda mfupi na kuthibitisha, alifungua ya 6. Ya 5 na ya 6 zilikuwa safi. Akafungua ya 7. Nayo ilikuwa safi. Ikabaki ya 8, ile ya nje, na waya inayoiendea. Soketi 8, kufungua mara tatu.

5. Anatafuta kwa macho. Waya ya kwenda nje ilikuwa imezikwa kwenye plasta bila bomba. Katikati yake kulikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa tepu tu. Juu yake mfereji wa mabati ulikuwa unavuja. Ukuta ukilowa, stima ilikuwa inapita kwenye unyevu mpaka waya ya ardhi. Ukikauka, ilinyamaza.

6. Anathibitisha. Waya ile ilitolewa yote. Laini nzima ikapimwa upya na mega ikapita 200. Stima ikarudishwa, kitufe cha T kikabonyezwa, swichi ikaanguka kama inavyotakiwa. Mwisho alipima fimbo ya ardhi, kwa sababu kitufe cha T hakipimi fimbo.

Sasa turudi kwa lile shauri la dakika tano. Swichi ya T ikiwa imepitwa pembeni, miliampia 48 zingeendelea kuvuja ukutani usiku na mchana. Hiyo ni kama wati 12, sawa na balbu moja ya LED. Hata kwenye tokeni usingeona tofauti. Lakini sentimita chache kutoka kile kiungo kulikuwa na fremu ya chuma ya mlango wa jikoni, ambapo watoto hushika wakivua viatu vyenye matope.

Tuseme ukweli pia juu ya gharama. Siku ya 21 mayai mengi yaliangua, lakini si yote. Usiku zile za baridi zilikuwa zimefanya madhara, na fundi pia alilipwa. Kikundi kiliandika hasara hiyo kwenye kitabu chao, na chini yake wakaandika sababu: kiungo cha tepu.

KASORO NYINGINE NA DALILI ZAKE

Soketi zilizokufa zikifuatana. Kama ya kwanza mpaka ya tatu zinafanya kazi, na kuanzia ya nne hakuna, waya imekatika au imelegea kati ya ya tatu na ya nne. Fundi afungue hizo mbili kwanza. Panya na mchwa pia washukiwe, hasa darini.

Plagi inayopata moto. Soketi ikigeuka rangi ya kahawia, ikinuka plastiki au ikilia tss-tss, skrubu imelegea ndani au soketi ni ya bandia. Hapa hakuna swichi itakayoanguka, kwa hiyo pua yako ndiyo kengele. Acha kuitumia siku hiyo hiyo.

Mzigo kuzidi. Breka inashika vizuri kwa dakika kadhaa, kisha inaanguka. Soketi moja ni ya ampia 13, yaani kama wati 3,100. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 kwenye ekstensheni moja ni 3,500. Dawa ni kupunguza. Kuweka breka kubwa zaidi ni kuifanya waya ndiyo iungue badala ya breka kuanguka.

Laini ya mzunguko. Katika nyumba kubwa na shule, waya hutoka kwenye bodi, hupita soketi zote na kurudi kwenye bodi. Mtindo huu tuliupata kwa Waingereza, pamoja na plagi ya miguu mitatu ya mraba iliyoanza mwaka 1947. Uzuri wake ni kwamba mzigo unagawanywa njia mbili. Hatari yake ni kwamba mzunguko ukikatika mahali pamoja, soketi zote bado zinafanya kazi, huku waya ya milimita za mraba 2.5 ikibeba peke yake mzigo wa breka ya 32. Fundi aitoe ncha zote mbili kwenye bodi na kupima kila waya kutoka ncha hadi ncha. Kwa mita 40 za shaba isome kama omu 0.3. Isiposoma kitu, mzunguko umekatika.

MAMBO YA KUKATAA

- Kataa waya au msumari mahali pa fyuzi.
- Kataa kuipita pembeni swichi ya T, hata kwa usiku mmoja.
- Kataa kiungo cha waya ndani ya plasta. Kiungo kikae ndani ya kisanduku kinachofunguka.
- Kataa fundi anayemaliza kazi bila kupima mbele yako.
- Mtu akishikwa na stima, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ukishindwa kuifikia, msukume kwa mti mkavu ukisimama mahali pakavu, halafu mkimbize hospitali hata akisema yuko sawa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, kila mtu wa nyumba yako, pamoja na watoto wakubwa, anajua swichi kuu iko wapi? Je, bodi yako ina swichi ya T? Ukirudi nyumbani leo bonyeza kitufe chake. Isipoanguka, ita fundi.

2. Mweka hazina aliuliza, "Mtawaambia nini?" Ninyi mngemjibu vipi kabla ya kujua mwisho wa kisa?

3. Fundi mwenye leseni na mega ni ghali kwa mtu mmoja. Mwethya wetu umechimba mitaro na kujenga nyumba za watu tangu zamani. Je, nyumba kumi zinaweza kuchanga pesa, kumwita fundi siku moja na kupimiwa zote kabla ya mvua za Oktoba? Nani ataandika majina?